Bili imeruka, chemba inafurika: kipi chako, kipi cha mamlaka

SWALI: Asalamu alaikum. Tuko Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba ya Kiswahili aliyotuachia marehemu baba. Ina vyumba sita, tumo sisi na wapangaji, jumla watu 11. Maji ni ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya hapa, na choo kimeungwa kwenye bomba la majitaka la mtaa. Bili ilikuwa ikicheza kwenye uniti 14, mwezi uliopita imekuja 41. Tena mvua ikinyesha, chemba iliyo nje karibu na ukuta wetu inafurika na uchafu unatiririka barabarani. Wapangaji wanasema yote hayo ni ya mamlaka, jirani anasema yote ni yangu. Nifanye nini, na nani alipe?

JIBU: Waalaikum salaam, dada. Wapangaji wamepatia nusu na jirani amepatia nusu. Huduma ya maji ina mpaka, na mpaka huo hauko kwenye geti wala kwenye baraza ya nyumba.

Kwa majisafi mpaka ni dira, hiyo tunayoiita mita. Bomba la mtaani, kiungo kinachotoka humo na dira yenyewe ni vya mamlaka. Kuanzia nati ya kutokea ya dira kuja ndani ni vyako: koki ya kufungia, bomba la ardhini, tangi, boya, flashi, bomba la uani. Tone lolote linalodondoka upande huo limeshahesabiwa, liwe limeoga mtu au limenyweka mchangani. Kwa majitaka, vyoo, masinki, gali (kile kishimo cha uani kinachopokea maji ya kufulia na kuogea), mabomba ya kiwanjani na chemba zake ni vyako. Bomba kubwa la mtaani na chemba zake ni vya mamlaka. Kati ya chemba yako ya mwisho na bomba la mtaani kuna kipande kifupi ambacho ndicho chanzo cha ugomvi mwingi, nitakirudia.

Tuanze na bili, maana tarakimu ulizotuma zimeshasema kitu. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, ndoo 50 za lita 20. Watu 11 kwa uniti 14 ni kama lita 42 kwa kila mtu kwa siku, ndoo mbili na kidogo. Hayo ni matumizi ya kawaida ya nyumba yenye uani wa pamoja. Uniti 27 zilizozidi ni lita 27,000, sawa na lita 900 kwa siku, lita 37 na nusu kwa saa, au lita 0.6 hivi kwa dakika. Huo ni mkondo mwembamba kuliko kalamu ya risasi. Watu hawaamki wakatumia maji mara tatu ya jana, lakini mkondo usiolala mchana na usiku huleta hesabu ya namna hii hasa.

Hata hivyo kabla ya kumwita fundi, hakikisha si suala la makadirio. Toa bili tatu za mwisho, uangalie usomaji wa awali na usomaji wa sasa katika kila moja. Kama msoma dira alikuta mlango umefungwa miezi miwili mkakadiriwa kidogo, mwezi aliofanikiwa kusoma utabeba deni la miezi yote. Kisha nenda kwenye dira na hiyo bili mkononi. Tarakimu nyeusi ni uniti kamili na ndizo zinazoingia kwenye bili. Nyekundu ni vipande vya uniti: ya kwanza mamia ya lita, ya pili makumi, ya tatu lita moja moja. Wengi huzisoma zote kwa mkupuo wakaona dira yao imefika malaki, wakapaniki bure. Namba nyeusi ya leo lazima iwe sawa au zaidi ya usomaji wa sasa ulioandikwa kwenye bili. Ikiwa dira iko nyuma ya bili, kosa ni la usomaji: piga picha inayoonyesha namba ya dira na tarakimu zake, uipeleke ofisini siku hiyo hiyo. Ikiwa inaendana, basi maji yamepita kweli, na kazi ni kuyatafuta yalikokwenda.

Jaribio la kwanza lifanye usiku, watu wakishalala na maji yakiwa na msukumo. Waambie wapangaji wasifungue koki wala kuvuta flashi kwa nusu saa. Liache tangi lijae mpaka boya lifunge. Angalia kwenye uso wa dira kile kigurudumu kidogo, mara nyingi chenye umbo la nyota au pembetatu. Kikizunguka, hata polepole, maji yanapita. Andika tarakimu zote pamoja na nyekundu, kaa dakika 30, soma tena. Kwa uvujaji wa kiasi chako utaona zimeongezeka kama lita 18 au 19. Ikiwa hakuna kilichosogea, rudia saa nane au tisa usiku. Kuna uvujaji unaokuja pale tu msukumo wa mtaani unapopanda kwa kuwa kila mtu amefunga koki.

Jaribio la pili linatenganisha pande. Funga valvu inayopeleka maji kwenye tangi, urudi kwenye dira. (Kama hakuna valvu hapo, weka moja. Bei yake ni ndogo kuliko bili moja ya namna hii.) Dira ikiendelea kuzunguka, uvujaji uko kati ya dira na valvu hiyo, mara nyingi ardhini au kwenye koki ya uani. Dira ikisimama, tatizo liko kwenye tangi au baada yake. Sasa chora alama ya chaki ndani ya tangi usawa wa maji, uiache valvu imefungwa usiku kucha. Tangi la lita 1,000 lina upana wa mita moja hivi, kwa hiyo kila sentimita moja ya kushuka ni lita 8 hadi 9. Kwa uvujaji wako, ndani ya saa nane maji yatashuka kama sentimita 35, huwezi kukosea. Yakishuka hivyo, kagua flashi na koki za ndani. Yasiposhuka kabisa na dira nayo ilisimama ulipofunga valvu, mwizi ni boya lenyewe: raba yake imekwisha, maji yanapita taratibu, tangi linajaa hadi kwenye bomba la ovaflo na kumwagika juu ya paa au nyuma ya ukuta asikopita mtu. Tafuta ukuta wenye kijani cha mwani chini ya ovaflo hata kiangazi.

Flashi ina jaribio lake rahisi. Tia rangi ya chakula au chai kali ya rangi kwenye kitangi cha flashi, usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, raba ya chini imechoka, badilisha. Ila kama maji ya kitangi yamefika kwenye mdomo wa bomba la katikati la kumwagia na unayasikia yakipita, boya la ndani limeinuliwa mno. Lishushe mpaka maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba hilo. Kwa choo kinachotumiwa na watu 11, raba hiyo huchoka mapema, na kwa hesabu zako flashi ndiyo ningeishuku kwanza.

Uvujaji ukionekana ni wa ardhini, nina maneno makali kidogo. Nyumba nyingi za zamani za Ngamiani bado zina bomba la chuma. Hewa ya bahari na unyevu wenye chumvi hulila kutoka nje, na huanza pale nyuzi zilipokatwa kwenye viungo, kwa sababu hapo chuma ni chembamba na zinki imeshaondoka. Udongo ukiwa wa kichanga, maji hunyweka chini pasionekane hata dimbwi. Fundi ataziba tundu moja, mwezi ujao litatoboka jingine futi mbili mbele, na utakuwa umelipia kuchimba mara tatu. Badilisha urefu wote kutoka dirani hadi kwenye tangi kwa bomba la poli (plastiki inayopindika), kipande kimoja kisicho na kiungo chini ya ardhi, kina cha sentimita 45 hadi 60, likilazwa kwenye mchanga laini usio na kokoto. Lisilale kwenye mtaro mmoja na bomba la majitaka, na pale yanapokatizana la majisafi lipite juu. Kabla ya kufukia, fungua maji uache viungo vikiwa wazi usiku mzima. Fundi anayeharakisha kufukia anajua kitu.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: kwa nyumba iliyoungwa kwenye majitaka, ada ya majitaka hukokotolewa kwa kufuata uniti za majisafi zilizopita kwenye dira. Maji yaliyovuja ardhini hayakuingia kwenye bomba la majitaka hata kidogo, lakini utayalipia kama yaliingia. Ndiyo maana bili ya nyumba iliyoungwa hupaa kwa kasi kuliko ya jirani mwenye shimo.

Kuhusu ile kauli ya mtaani kwamba dira inasoma hewa, si uzushi mtupu. Maji yanaporudi baada ya mgao, husukuma hewa iliyobaki kwenye mabomba, na hewa hiyo ikipita kwenye dira huizungusha. Ila haiwezi kupita kama kwako kumefungwa. Anayeumia ni yule aliyeacha koki ya uani wazi na ndoo chini ili ajue maji yamerudi, au ambaye tangi lake ni tupu na boya liko wazi. Maji yakikatika, funga koki iliyo karibu na dira, upande wako. Ukisikia jirani anachota, fungua. Hata hivyo uniti 27 hazitokani na hewa.

Dira ukiishuku yenyewe, una njia ya kuipima kabla ya kubishana. Chukua ndoo iliyopimwa ya lita 20, jaza mara tano kutoka koki iliyo karibu na dira huku kila kitu kingine kimefungwa. Dira isogee lita 100. Ikisogea 110 au zaidi, andika barua kuomba ipimwe. Mita za maji huhakikiwa na Wakala wa Vipimo, WMA. Kwa uzoefu wa kazi hii dira zilizozeeka husoma pungufu mara nyingi kuliko kuzidisha, kwa hiyo usishangae ukibadilishiwa ukapata bili kubwa zaidi.

Upande wa kabla ya dira usiguse. Lakiri (muhuri wa mamlaka kwenye dira) ikikatika, ripoti mwenyewe kabla msoma dira hajaikuta. Kuchepusha maji, kuichezea dira au kujirudishia huduma iliyokatwa ni makosa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Na usiunge pampu moja kwa moja kwenye bomba linalotoka dirani. Pampu ikivuta, msukumo ndani ya bomba la mtaani unaweza kushuka hata chini ya ule wa nje, na kila ufa ulio kwenye udongo mchafu huanza kuingiza badala ya kutoa. Anayetaka maji juu aweke tangi la chini, maji yajae yenyewe, kisha pampu ivute kutoka hapo. Mwenye kisima cha maji ya chumvi asiunganishe mabomba mawili kwa koki ya kugeuza. Kila bomba limwage tangini kutoka juu, pakiwa na nafasi wazi kati ya mdomo wake na maji.

Kulinda dira pia kwa kawaida ni juu yako. Ya shaba huibwa ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kisanduku cha saruji chenye mfuniko wa chuma na kitundu cha kusomea kinatosha, mradi msoma dira aifikie bila kusubiri mtu afungue.

Sasa chemba, na hapa ndipo pana mengi.

Kwanza ijue hiyo chemba ni ya nani. Inua mfuniko siku kavu, uangalie midomo ya mabomba. Usiingie ndani na usiinamishe kichwa: gesi ya majitaka huua watu wazima wenye nguvu zao kwa dakika chache, na wanaowafuata kuwaokoa hufa pamoja nao. Kama bomba linaloingia ni moja tu kutoka kwako na linalotoka linaelekea barabarani, hiyo ndiyo chemba yako ya mwisho, hata kama imekaa nje ya ukuta. Kama kuna bomba la inchi 6 au 8 linalopita kutoka upande wa jirani kwenda upande mwingine, hiyo ni ya mtaa. Ukiwa na shaka, mwaga ndoo ya maji yenye rangi kwenye choo chako uone yanatokea wapi, kisha mwombe jirani afanye vivyo hivyo.

Kama choo kinarudisha na chemba ya mwisho ni tupu, kizibo kiko kati ya choo na chemba, ni chako. Kama chemba imejaa na haishuki, kizibo kiko mbele. Uliza majirani wawili wa kila upande. Nao wakiwa wamerudishiwa, ni bomba la mtaa. Piga simu mamlaka, toa jina la mtaa, namba ya barabara na nyumba iliyo karibu, udai namba ya taarifa. Majirani wakiwa salama, kizibo kiko kwenye kile kipande cha ugomvi, kati ya chemba yako na bomba la mtaani. Hapo toa taarifa, usichimbe. Barabara ina mwenyewe, za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ukikata barabara bila kibali utakuwa umejiongezea kesi ya pili. Mafundi wa mamlaka wakizibua wakatoa nepi au gunia, usishangae kutozwa gharama, maana uchafu huo una anwani.

Wewe lakini umesema inafurika mvua ikinyesha. Hiyo ni dalili tofauti na kizibo cha kawaida, na mara nyingi sababu iko juu ya vichwa vyenu. Bomba la majitaka limepimwa kwa maji ya watu, halikupimwa kwa maji ya mvua. Chukua paa la mita za mraba 100. Mvua ya masika ya milimita 50 kwa saa moja inalishushia lita 5,000. Nyumba yako, kwa uniti zake 14 za kawaida, inatoa kama lita 460 kwa siku. Paa moja kwa saa moja limepeleka uchafu wa siku 11, na mkifanya hivyo nyumba ishirini za barabara moja, bomba la inchi 6 litatapika kwenye chemba iliyo chini kuliko zote. Huenda ndiyo yako.

Kwa hiyo kagua uani. Je, maji ya paa yanaangukia sakafuni kisha yanakimbilia kwenye gali? Je, kuna mtu huinua mfuniko wa chemba mvua ikijaa uani ili maji yaondoke? Huo ni mchezo wa zamani sana Ngamiani, na kila aliyeufanya huamini ni yeye peke yake. Kunyanyua ukingo wa gali kwa saruji sentimita 8 hadi 10 juu ya sakafu kunatosha kuzuia maji ya uani kuingia. Maji ya paa yapeleke kwenye mfereji wa mvua wa barabarani kwa bomba lake lenyewe, au, kwa akili zaidi, kwenye tangi. Lita 5,000 za maji yasiyo chumvi ni karibu theluthi ya bili yako ya kawaida ya mwezi. Ukiziba njia zote hizo na chemba ikaendelea kufurika, umeshajitoa upande wako na malalamiko yako kwa mamlaka yatakuwa na nguvu, hasa ukiwa na picha za mvua mbili au tatu zenye tarehe.

Kama sakafu ya nyumba iko chini kuliko barabara, weka valvu ya kuzuia kurudi kwenye bomba kabla halijatoka kiwanjani, ndani ya chemba inayofunguka ili isafishwe. Nywele moja ikikaa kwenye mlango wake haifungi, kwa hiyo isafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli.

Vizibo vya nyumba za kwetu vina tabia zake. Mafuta ya kukaangia hufika kwenye bomba yakiwa moto, yakapoa na kuganda, kisha kila kitu kinanata hapo. Machicha ya nazi huvimba na kufumana. Magamba na miiba ya samaki, manyoya ya kuku, na mchanga au majivu ya kusugulia sufuria hutulia pale bomba lilipolala. Mchanga ndio mbaya kuliko vyote kwa kuwa hauozi. Weka kichujio kwenye gali, machicha yaende kwa kuku, mafuta yapoe yamwagwe kwenye taka. Anayepika kwa biashara, chipsi au maandazi, aweke kisanduku cha kunasa mafuta kabla ya gali na akikombe kila wiki. Pedi, nepi, vitambaa na nyembe havina ruhusa ya choo, hata kama pakiti imeandikwa vinaweza kuvutwa.

Nyumba ikizibwa mara kwa mara mahali pale pale, acha kumlipa mzibuaji, pima mteremko. Bomba la inchi 4 linataka kushuka sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Mita 10 kutoka choo hadi chemba, sentimita 25. Likilala zaidi ya hapo, maji hukimbia polepole na kinyesi kinabaki. Kila kona na kila muungano unatakiwa kuwa na chemba, na sakafu ya chemba iwe na mfereji laini wa nusu duara. Sakafu bapa hukusanya uchafu siku ya kwanza. Mizizi ya mkungu au mwarobaini hufuata unyevu wa viungo. Bomba la plastiki lenye raba nzuri huihimili kuliko lile la saruji la zamani, lakini mti ulio mita mbili kutoka bombani utakusumbua tu.

Usimwage magadi makali kisha asidi kwa hasira ya kizibo. Vikikutana ndani ya bomba huchemka na kumrukia usoni aliyeinama. Asidi ikikutana na dawa ya kufulia yenye klorini hutoa gesi ya sumu. Fimbo za kuzibulia na maji ya msukumo vinafanya kazi bora. Harufu bila kizibo mara nyingi ni goti (ule mpindo wa bomba unaobaki na maji) lililokauka kwenye choo au bafu lisilotumika: lile tabaka la maji la sentimita 5 ndilo linalozuia gesi na mende. Mwaga ndoo moja kila wiki.

Majirani wasioungwa, wenye shimo, wana wajibu wao: kuita gari la kunyonya majitaka kabla halijajaa, na kutotapisha choo kwenye mfereji wakati wa mvua. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa bwana afya wa halmashauri meno ya kutosha kwa hilo. Kama barabarani kwenu mfereji unanuka kinyesi wakati chemba yako imetulia, elekeza malalamiko huko.

Nani alipe? Mbele ya mamlaka ni mwenye akaunti, hakuna mpangaji wala jirani. Ndani ya nyumba ni makubaliano yenu, na nashauri yaandikwe. Bili ya kawaida igawanywe kwa vichwa, si kwa vyumba, maana chumba cha mtu mmoja hakiwezi kulipa sawa na cha watu wanne. Uvujaji wa bomba la ardhini, tangi na boya ni mzigo wa mwenye nyumba, kwa sababu mpangaji hana mamlaka ya kuchimba. Koki aliyoivunja mpangaji ailipe yeye. Kwa uniti 27 zilizozidi, kama chanzo ni flashi ya pamoja ambayo wote waliisikia ikilia wiki tatu bila kukwambia, kuzigawana ni haki. Mpangaji anayehama, someni dira pamoja siku anayotoa funguo. Ukiweka dira ndogo za vyumba, jumla yake ilingane na dira kubwa kwa tofauti ndogo. Tofauti ikikua, umegundua uvujaji kabla ya bili.

Ofisini nenda na barua, nakala za bili tatu, picha za dira na matokeo ya majaribio yako. Usisitishe malipo yote ukisubiri majibu: lipa kiasi unachokubali kwa namba ya malipo uliyopewa, na kwa kilichobaki omba kwa maandishi kulipa kwa awamu. Maji yakikatwa kwa deni, ada ya kurudishiwa itaongezeka juu yake. Usiporidhika na jibu la mamlaka, hatua inayofuata ni EWURA, ambayo ndiyo inayodhibiti bei na ubora wa huduma. Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, husaidia mteja kuandika na kufuatilia lalamiko. Huko utaulizwa kwanza kama ulilalamika kwa mtoa huduma, ndiyo maana ile namba ya taarifa ni muhimu. Na usitegemee kusamehewa maji yaliyopita kwenye dira sahihi. Maji hayo yametoka Mto Zigi, yakakusanywa Mabayani, yakasafishwa na kusukumwa hadi kwako, na mwaka 2024 Tanga UWASA iliuza hatifungani (hati za mkopo kwa wawekezaji) ya shilingi bilioni 53.12 kupanua kazi hiyo. Fedha za kuilipa zinatoka kwenye bili hizi hizi.

La mwisho nimeliona kwenye maelezo yako bila wewe kuliuliza: nyumba ni ya marehemu baba, na nadhani akaunti bado iko kwa jina lake. Ibadilishe sasa, kabla ya barua yoyote ya malalamiko, kwa sababu ofisi inaweza kukuuliza unalalamika kama nani. Beba barua ya usimamizi wa mirathi, kitambulisho chako cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, bili ya karibuni na namba ya dira. Deni lililopo litahamia kwako pamoja na akaunti, kwa hiyo fanya usomaji wa pamoja na ofisa wao siku ya kuhamisha, na nakala iliyosainiwa ibaki nyumbani.